Oga Kabla ya Kuoga

Harufu hukupokea kabla ya mwenyeji:
kiberiti, yai lililosahauliwa kapuni.
Kisha Bi Hadia na daftari lake.
"Jina?"
"Mwanjaa Semdoe."
"Utokako?"
"Ngamiani, barabara ya kumi na nne."
"Siku ngapi?"
Dada yangu alikwisha kulipia tatu. Nikasema tatu
kama mtu anayetaja kifungo.

Marehemu mumewe alikuwa baharia wa meli ya saruji.
Injini iliwafia huko Japani, wakalazwa siku nne
kwenye nyumba ya wageni yenye maji moto.
Wenzake walirudi na redio.
Yeye alirudi Amboni na kanuni tatu,
akaziandika kwa rangi ya mlango, juu ya mlango:
Viatu nje.
Oga kabla ya kuoga.
Ukishaiva, usiongee.

Nikapewa kikoi kilichofuliwa hadi kikasahau rangi,
ndoo, kata, kigoda cha mvule.
Nikajisugua kwa dodoki shingo, kwapa, nyayo,
kama nilivyokuwa nikimsugua yeye:
ubavu wa kushoto, taratibu, ubavu wa kulia,
nikiogopa kuchubua.
Miezi kumi na minne
mikono hii ilikuwa ya mama.

Ndipo birika.
Maji yamepauka kama maji ya kuoshea mchele,
yanakuja kwa mfereji wa mawe, hayana haraka.
Nikatia kidole. Nikatia goti.
Moto uliuma, kisha ukaomba radhi,
na kiuno changu, ambacho nilidhani ni mfupa mtupu,
kikafunguka kama fundo la kamba iliyoloa.

Usiku wa kwanza niliamka saa nane.
Saa nane ni saa ya kumgeuza,
mgongo usije ukafanya vidonda.
Nilisimama gizani, mikono mbele,
nikipapasa kitanda kisichokuwapo.
Kulikuwa na mto tu.
Nikaugeuza mto, upande wa baridi ukawa juu.
Nje, mto mwingine, Sigi,
ulikuwa ukijigeuza wenyewe.

Siku ya pili nilisahau kuvua pete yake.
Ya fedha, nyembamba, herufi moja tumboni.
Ilitoka majini nyeusi
kama jino la mtafuna tambuu.
Hapo nikalia.
Siku ya maziko sikulia, nilikuwa nahesabu sahani.
Arobaini sikulia, mchele ulipungua.
Nikalia kwa pete, uchi, kamasi zikinitiririka,
bibi mmoja wa Muheza akatazama ukutani
kwa adabu ambayo sitaisahau.

Bi Hadia hakusema pole.
Alileta jivu na nusu ndimu,
akakaa kwenye kigoda changu, akasugua.
"Fedha haifi," akasema. "Hununa tu."
Jioni bada na kisamvu, chai ya mchaichai.
Nilikula nikaongeza. Nilikuwa sijui
kwamba nilikuwa nakula nimesimama
tangu mwaka juzi.

Usiku wa tatu saa nane ilipita
haikunikuta.
Niliamshwa na jua, na kuku wa jirani,
na aibu kidogo, kama mtoro.
Halafu hata aibu ikalala.

Kwenye safu ya kuondoka Bi Hadia aliandika tarehe,
na pembeni, kwa herufi ndogo: kalala.
Pete imeng'aa, ila ndani ya bonde la ile herufi
weusi umebaki. Alinipa ndimu nyingine.
Nimeila na chumvi.

Dereva wa bajaji akanusa, akafungua turubai.
"Mama, unanuka kiberiti."
Mpaka daraja la Utofu alinieleza bei ya petroli,
mkwewe, timu yake, tena petroli,
akaniuliza kama nina habari.
Sikumjibu.
Si kiburi, mwanangu.
Nilikuwa nimeiva.