Taa ya Ngazini

Mwaka wa tisa huu, na bado sijajua
kwa nini mwanamume mzima husimama mbele ya kabati,
mlango wazi, shati likimtazama usoni,
akaita hadi Bi Mwanamkuu wa nyumba ya pili asikie:
"Shati langu la buluu li wapi?"
Naacha unga, napanda ngazi kumi na nane,
nalichomoa palepale alipokodolea.
"Kumbe!" asema.
Kumbe zake ningeziuza kwa kilo
ningekuwa na duka Langoni, la orofa mbili.

Tena kuna *naya* yake.
Naita kutoka juu, chakula tayari;
yeye yu dakani na Kombo, wanapigana bei ya simiti.
"Naya!"
Tambi zinapoa, zinashikana
kama nywele za mtoto aliyetoka kuogelea.
Nimejifunza: naya ya kwanza ni salamu tu,
ya pili ni ahadi ya mgombea,
ya tatu ndiyo yenye miguu.

Nami si malaika.
Kopo la sukari silifungi. Aliniambia tangu fungate.
Sisimizi wana barabara yao, dirishani hadi rafuni,
wanapishana kwa adabu kuliko watu wa sokoni.
Yeye huwatoa chaini kwa ncha ya kidole,
akawapanga ukingoni mwa kisahani, wakauke,
hasemi neno.
Kule kutosema ndiko kunakonikera.

Lakini kesi kubwa ya nyumba hii ni taa ya ngazini.
Kila usiku nazima,
kila alfajiri naikuta ikiwaka, macho makavu.
Tokeni za stima haziokotwi kama kunazi.
Nikauliza: unamngojea nani?
Akasema, paka.
Paka wa Lamu! Aonaye usiku kuliko mimi mchana.
Siku nyingine akasema, wezi.
Mwizi gani atapata kitu
katika nyumba ambayo mwenyewe haoni shati lake?
Nikamwandikia kwenye kalenda ya ukutani,
siku tokeni iliyonunuliwa, siku iliyokwisha.
Akatazama sana.
Akasema mwandiko wangu mzuri.

Basi Jumanne, baada ya isha, stima ikakatika mji mzima.
Tulikuwa ngazini tukishuka,
mimi mbele na sinia la vikombe, yeye nyuma na birika.
Giza la nyumba ya mawe si giza la uwanjani:
lina unene, hujaa katika zidaka kama maji.
Nikasikia birika likigonga ukuta.
Kisha kitu kikashika pindo la leso yangu.
Nikadhani msumari.
Nikavuta.
Kikavuta.
Vidole.

"Shekuwe?"
Kimya. Halafu sauti nisiyoijua,
ya mtoto aliyetumwa dukani magharibi:
"Usiende upesi."

Huyu ni fundi wa pampu,
ashukaye visimani watu wakichungulia juu na kupiga dua.
Ndiyo sababu ya tochi mbili, basi,
moja kichwani, moja mfukoni,
nami nikimcheka kwamba anakwenda kuchimba dhahabu.

Tulishuka kama maharusi,
mguu, kituo, mguu, kituo,
vikombe vikilia taratibu kwenye sinia.
Jikoni kibiriti nilikipata mara moja.
Nilikawia kukiwasha.

Hatukulizungumza.
Asubuhi aliita soksi; zilikuwa mkononi mwake.
Sukari iko wazi hadi leo.
Ila usiku nikipita ngazini
mkono wangu hufika kwenye swichi,
ukasita, ukajifanya unapangusa vumbi.
Kalenda nayo, tangu Jumanne, haina kitu.

Jana Bi Mwanamkuu kaniita dirishani:
"Mwanangu, mbona kwenu taa hailali?"
Nikamwambia, paka.