Mstari wa Tisa

Mstari wa tisa wa fomu unauliza:
Uhusiano wako na mrithi.
Wakili ameishika kalamu hewani.
Mvua ya Tukuyu inagonga bati kama mdai.

Ndugu? Si ndugu.
Mpangaji? Kodi gani,
zaidi ya miaka ishirini na sita ya kuamka kwanza,
kunimiminia chai kwenye kikombe kizima
na yeye kunywea chenye ufa.

Shoga, nikasema. Wakili akakohoa.
Neno lile lina vyumba viwili,
nasi tumelala katika vyote.

Tulipotoka kumzika Ambakisye kule Masoko
mwenzake alitolewa nje na godoro
kabla matanga hayajavunjwa;
hata sufuria alizonunua mwenyewe
zikaitwa mali ya ukoo.
Wapwa wangu si wabaya.
Wakija Krismasi wanakula vizuri,
kisha wanapima shamba kwa hatua.

Basi andika. Nyumba. Tanki la maji.
Miparachichi sabini na miwili,
migomba mpaka mtoni,
deni la ushirika wa chai, nalo analijua.
Andika na kaburi:
yeye ndiye aseme nilale wapi.

Mstari wa tisa niachie mimi.
Nikaandika, herufi zikipinda:
mtu wa nyumbani kwangu.

Mashahidi wawili wakatafutwa,
muuza maziwa na fundi cherehani.
Tusekile, aliyeshuhudia yote,
haruhusiwi kushuhudia hili, maana ndiye mrithi.
Yuko kibarazani na mwavuli wetu mmoja,
anaita dirishani:
ng'ombe hajakamuliwa.