Nyuzi

Niliiandikia mashine: chora saini
(si ile ya hundi, ile ya pembe)
toka sifuri hadi pai mbili.
Ikanichorea ufito.
Ufito umelazwa chini, ncha moja imeinuka kidogo
kama mtu aliyeitwa jina akiwa usingizini.

Saa tano usiku, Bondeni, duka la uchapaji limefungwa,
feni yakata joto vipande visivyopoa.
Mtihani wa Mwalimu Nyamvula
watakiwa Kisauni kesho kabla ya kengele.
Swali la tisa: *Tazama mchoro. Taja kilele.*
Kilele kipi?

Nikalaumu wino. Nikalaumu stima.
Nikaunyoosha mhimili wa wima mara kumi,
ufito ukawa mlima usio na upande wa pili.
Kosa ukilikuza halitengenei,
laonekana tu toka ng'ambo ya barabara.

Nikaenda nyumbani Kibokoni, karatasi mfukoni.
Mama yu macho, adarizi kofia ya bwana harusi,
sindano mdomoni. Akautazama mchoro,
akasema bila kuitoa:
"Umeupima kwa uzi gani?"

Alimaanisha uzi. Wa kushonea.
Akaunyoosha toka kitovu cha kofia hadi ukingoni,
akaukata, akaulaza juu ya ukingo,
moja, mbili, tatu, nikahesabu naye hadi sita,
na pengo likabaki, upana wa kidole gumba.
"Hilo haliishi," akasema, "tangu bibi yangu.
Mimi hulijaza kiua kimoja."

Sita na kitu.
Kumbe mashine haikukosea hata nukta!
Niliipa nyuzi za Mama, sita na kipande,
nayo ikahesabu zake, zile mia tatu na sitini,
ikatembea sita na robo hivi
ikasimama nilipoiamrisha isimame,
haijafika hata kona ya kwanza.

Nikarudi Bondeni kwa miguu.
Mara mia na themanini, nikaandika, gawa kwa pai,
ndipo uitafute saini.
Ikapanda. Kwenye nusu ya pai ikafika juu,
ikashuka, ikakata sifuri, ikazama,
ikarudi ilikoanzia.

Asubuhi Mwalimu alihesabu nakala, hakusifu kitu,
akaomba apunguziwe shilingi hamsini.
Uzi ule ningali nao kwenye kitabu cha risiti.
Bado sijajua niuweke ukurasa gani.