Bikoni Namba Nne

Miaka thelathini na mmoja nilichora mistari kwa watu wa Ardhi,
kalamu ya wino mweusi, rula ya chuma,
kiwanja baada ya kiwanja, Kibada, Goba, Kinyerezi:
hapa mwisho wako, pale mwanzo wa mwenzako.
Leo bikoni yangu mwenyewe, namba nne, hapa Tabata,
siioni.
Imemezwa na boga.

Sikulipanda boga hilo.
Nilimwaga mbegu pamoja na maji ya kuoshea sahani,
masika yakazisikia.
Goti langu la kushoto lilikuwa limeshagoma,
daktari wa Amana akasema, mzee, kuinama basi,
na ndago, zilizonivizia tangu tisini na nane,
zikaingia bila hodi.

Mwanzo niliona haya.
Nilifunga geti mchana, nikajifanya sipo.
Ukoka ulipanda barazani ukalalia kandambili zangu,
mpapai ukajiotea katikati ya njia,
ukasimama pale kama trafiki
asiyejua nani apite.

Jirani yangu Kalumuna ameusakafia uwanja wake wote,
vitofali vyekundu na vijivu, ukuta hadi ukuta,
hakuna ufa wa kupitisha sisimizi.
Mchana vinaunguza nyayo za watoto.
Mvua ikinyesha maji hayana pa kwenda,
yanazunguka, yanabisha chini ya ukuta,
yanakuja kwangu.
Kwangu yanapata wanywaji.

Kijana Chiduo alikuja na fyekeo begani:
"Elfu ishirini tu, mzee, jioni pawe peupe kama kiganja."
Tukaafikiana. Akainua fyekeo,
na kichakani akatoka kuku,
yule mtetea wa mama Kalumuna
ambaye kwa ajili yake wapangaji wa uani walitukanwa
hadi mmoja akahama.
Nyuma yake vifaranga tisa, na wa kumi akichechemea,
wakapita kati ya miguu ya Chiduo
bila samahani, bila shikamoo.

Fyekeo likashuka. Tukanywa chai.
Nilimlipa elfu tano ya kutofanya kazi;
aliigeuza mara mbili, kama noti bandia.

Tangu siku hiyo nachungulia.
Kuna chozi anayekuja saa moja asubuhi
kwenye ua la mgomba, mtoto wa mgomba nilioupanda.
Kuna kinyonga mwenye mwendo wa goti langu.
Kuna pilipili kichaa, shore walizipanda kwa mavi yao
chini ya waya wa nguo, mstari uliopinda,
nao ni mzuri kuliko mingi niliyochora.

Usinielewe vibaya. Mbu wapo.
Usiku kitu huburuzika majanini, sikiulizi jina.
Kishonanguo hunidarizi suruali kila nikienda kufunga geti,
nakibandua kimoja kimoja nikisikiliza taarifa ya habari.
Mjukuu wangu Siwema anasema,
"Babu, kwako kunanukia kijani."
Sijui kama ni sifa.

Jana imeletwa barua ya mtendaji wa mtaa:
kichaka, faini elfu hamsini, siku kumi na nne,
mhuri umekaa upande.
Nikaigeuza barua, nikatoa rula ya chuma
nimchoree bustani iwe jibu.
Mkono ulianza vizuri, kutoka getini,
ukafika kwenye boga, ukakata kushoto,
ukauzunguka mpapai, ukapotea.
Rula nimeirudisha kabatini.

Aje mwenyewe basi.
Nimefyekesha njia, upana wa mtu mmoja na ndoo.
Na akifika kwenye kona ile, ilipo bikoni,
apite polepole,
pana kifauongo pale.
Kikiguswa kinajikunja, utasema kimekufa.
Ukigeuza mgongo
kinafumbua.