Kipengele cha Tisa

Babu mzaa baba alizaliwa wapi?
Somoe, karani wa vitambulisho hapa Newala,
anauliza kama anayeuliza bei ya korosho,
na bei ya korosho yenyewe, msimu huu, haina jibu.

Miaka thelathini na nne nimesimama mbele ya ubao
nikieleza jinsi taifa linavyoshonwa:
Wajerumani walivyookota ngano za bibi zao
wakaziita roho ya watu;
Wafaransa walivyowachapa watoto shuleni
mpaka lahaja za nyumbani zikaona haya;
Wapolandi, ramani nzima haina nchi yao,
wakifundishana kusoma jikoni, pazia limefungwa.
Wanafunzi waliandika yote.
Wengine waliandika hata kikohozi changu.

Na shahada yangu, ile ya Laipzigi,
ina muhuri wa nchi iliyokwisha kufa.
Nilikuwa nasahihisha mitihani, Novemba,
redio ikasema ukuta umevunjwa.
Nikafungua kabati.
Nyundo na bikari vilinitazama kama yatima.

Babu alivuka Ruvuma mgongoni mwa mama yake.
Au tumboni. Shangazi wawili
walikufa bila kuelewana juu ya hilo.
Ilikuwa kiangazi, maji ya magoti,
unakunja nguo, unavuka, unakunjua.
Katikati ya maji palikwisha pita mstari
uliochorwa na watu ambao hawajapata kulowa humo.

"Ng'ambo au huku?"
Nikamwambia: mwanangu, ng'ambo ilikuwa haijaanza.
"Kisanduku hicho hakipo, mzee."

Foleni nyuma yangu ikaguna.
Mama mmoja mwenye ndoo tupu akasema
andika Newala, baba, maji yanafunguliwa saa nne.

Nikatafuta mahali pa tanbihi.
Tasnifu yangu ilikuwa na tanbihi mia saba na kumi na mbili;
fomu hii haina nafasi hata ya nukta ya pembeni.
Nikaandika Newala.
Mwandiko ulikuwa wangu, ila ulitetemeka
kama wa mwanafunzi anayeibia.

Somoe akakishika kidole gumba changu,
akakibandika kwenye kioo chenye mwanga wa kijani.
Mashine ikakataa. Chaki, labda, imenila alama.
Akakifuta kwa kitenge chake, akakibandika tena,
na bila kuinua macho akasema, polepole,
"Bibi yangu alitoka Nangade.
Kwenye yake tuliandika Kitangari."

Kisha kwa sauti ya ofisi:
"Kidole kingine, mzee."