Upindo

Januari, wiki ya pili. Kibarazani pangu Kangemi
sketi zimerundikana juu ya stuli:
kijani kibichi, kijani kilichochoka,
kijani kilichofuliwa kwa sabuni ya kipande
hadi kikasahau kwamba kilikuwa kijani.
Kila moja ina kikaratasi kimebanwa kwa pini:
Teremsha. Pandisha.
Teremsha tafadhali kabla ya Jumatatu.

Mimi ni fundi. Siulizwi maoni.
Naulizwa bei.

Asubuhi huja mama na sketi ya bintiye:
inchi tatu, fundi, shule imesema
goti lisionekane hata mtoto akiketi.
Jioni huja binti mwenyewe, peke yake,
na noti ya hamsini aliyoikunja mara nne:
irudishe juu kidogo, usimwambie mama,
nimekuwa kama dirisha lenye pazia.
Uzi nilioushona saa nne naufumua saa kumi na moja.
Sitasema uongo, mwezi huu
mjadala umenilipia kodi ya nyumba.

Jumamosi wazazi waliitwa ukumbini.
Nilikwenda; nina mjukuu kidato cha kwanza.
Mzee wa kamati, koti limekosa kifungo cha kati,
akasema sketi fupi zinawavuruga wavulana hesabu.
Sauti ikatoka nyuma:
"Na hesabu zao zilikuwaje enzi za sketi ndefu?"
Tulicheka, hata mwalimu wa hesabu.
Bi Gesare, naibu wa mkuu, hakucheka.
Akasema, mimi sichukii magoti ya mtu.
Mimi husimama langoni saa kumi na moja jioni
nikasikia wanachoambiwa wakivuka barabara.
Ukumbi ukanyamaza, maana wote tumesikia.
Kisha Mama Nafuna akainuka na mtoto mgongoni:
"Basi hiyo rula yako, mwalimu,
mbona hujawahi kuvuka nayo
ukawapime midomo wale wa ng'ambo?"
Mwingine akataka suruali, kwa sababu ya baridi ya Julai.
Mwingine akasema suruali ni mwisho wa dunia.
Chai ikaletwa. Hatukukubaliana hata sukari.

Jumatatu, saa tatu, Syokau alisimama mlangoni pangu
na begi lake na barua ya kurudishwa nyumbani.
Sketi iko juu ya goti, vidole vinne.
Walimpima mbele ya gwaride, kwa rula ya mbao.
Nikaigeuza sketi ndani nje
kutafuta kitambaa cha kuteremsha.

Hakuna.
Upindo wote ulikwisha kutumika.
Palibaki mistari miwili iliyofifia, kama alama za penseli
ambazo watu huchora ukutani wakipima watoto:
huu wa kidato cha kwanza,
huu wa cha pili, mama yake aliponiomba deni.
Mistari hiyo niliishona mimi.
Naijua kama namba yangu ya kitambulisho.

Jamani, sketi haijapandishwa na mtu.
Aliyepanda ni mtoto.

Ningeandika hayo kwenye barua nikampa aende nayo,
lakini mwandiko wangu si wa kupeleka shuleni.
Nikatafuta kwenye gunia la vipande,
nikapata utepe wa sketi ya msichana aliyemaliza mwaka juzi.
Kijani, ila si kijani kile.
"Watasema si sare," Syokau akasema.
"Watasema," nikamjibu. "Panda stuli."

Akapanda. Nikazunguka kwa magoti, chaki mkononi,
pini tano katikati ya midomo.
Alinyamaza muda, kisha akaniuliza kule juu,
kama mtu anayeuliza saa:
"Fundi, wewe ulipokuwa shule,
sketi yako iliishia wapi?"

Nikatoa pini moja moja mdomoni.

"Darasa la saba," nikasema.
"Simama wima."