Alama Kumi na Mbili

Biolojia A, Kemia B, Fizikia C.
Tano, nne, tatu. Jumla kumi na mbili.
Nimejumlisha nyuma ya risiti, juu ya boksi la glovu,
nimejumlisha kwa vidole chini ya shuka,
labda usiku mmoja hesabu itachoka
ijikosee yenyewe, inipe kumi na tatu.

Hapa Tandika, dukani kwa Bi Mwamtumu,
wateja wameshanitunuku shahada.
"Daktari, kidonda hiki kina wiki ya pili."
"Daktari, kikohozi cha mume wangu ni kifua au ni sigara?"
Nawaambia nendeni hospitali.
Hawaendi. Wananunua panadol mbili, wananiombea kwa Mungu.

Yupo aliyesema kumi na mbili ni nyingi,
mbona binamu yake aliingia kwa tisa.
Mwaka gani? Kimya. Chuo gani? Kimya.
Elihaki, tuliyekaa dawati moja,
ana A tatu na bado halali.
Kama mwenye kumi na tano kakosa usingizi,
mimi nikose nini?

Nairudia siku ile ya fizikia kwa vitendo.
Galvanomita namba saba.
Waya nimeunga, swichi nimefunga,
sindano imelala palepale kwenye sifuri
kama paka aliyeshiba.
Nikainua mkono. Msimamizi akatazama saa yake.
Dakika kumi na nane
mpaka ilipoletwa betri yenye uhai.
Kila mtu ana sindano iliyomchoma.
Yangu haikutikisika.

Mama hajui kuna kitu kinaitwa ushindani.
Kwake kufaulu ni kufaulu,
kama mimba, hakuna ya nusu.
Ameshanunua Kariakoo kitambaa cheupe, mita mbili na nusu,
ananipima koti sebuleni
nami nimesimama mikono kando, kama maiti wima.
Mama, hata majina hayajatoka.
Naye, pini mdomoni: "Nyoosha mgongo."

Walikaa miaka tisa kwenye ndoa bila mtoto,
nilipokuja wakaniita Sikudhani.
Sijui mwaka huu jina litasomwa upande gani:
sikudhani angepata,
au sikudhani angekosa.

Chaguo la kwanza, udaktari.
La pili, udaktari, chuo kingine.
La tatu niliandika uuguzi. Nikafuta. Nikaandika. Nikafuta.
"Unafuta nini hapo?" akauliza Bi Mwamtumu,
miwani imeteremka puani.
Nikamwonyesha simu.
Akasoma taratibu, kama asomavyo tarehe za dawa kuisha muda.
"Miaka thelathini na moja," akasema,
"nimefanya kazi hiyo unayoifuta."
Akaenda kupanga dripu ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

Saa tatu usiku, nikiwa natafuta kufuli,
akaja mwanamke, mtoto begani,
paji la uso linachoma kama pasi,
karatasi ya zahanati imelowa jasho mkononi:
malaria, kilo kumi na nane.
Umeme hakuna. Bi Mwamtumu akashika tochi.
Nikahesabu mseto juu ya kaunta:
viwili sasa hivi, viwili baada ya saa nane,
kesho viwili asubuhi, viwili jioni,
keshokutwa vivyo hivyo.
"Kumi na viwili," nikasema.
"Vinatosha?"

Tochi ilitulia. Bi Mwamtumu hakunisaidia.

"Vinatosha," nikasema. "Ila asikatishe,
hata ukimwona kesho anacheza."
Akafunga dawa kwenye pindo la khanga,
akanishukuru kwa jina lile ambalo bado si langu.

Tukafunga duka. Simu ikalia mfukoni
na mkono wangu ukaifikia kabla yangu.
Kampuni ya simu. Bando la usiku, bei nafuu.
Nikalisoma mpaka mwisho,
hadi vigezo na masharti.